Mstari Mwekundu wa Mama

Breaux Bridge, Louisiana
8 Januari 2025

Mdogo wangu Nettie,

Juu ya bahasha nimeandika Sista Bernarda, Mama Mkuu wenu asije akaniona sina adabu, lakini humu ndani wewe ni Nettie wangu yuleyule. Hujambo? Baridi ya huko Vermont haijakumaliza? Sisi huku tunasukuma siku. Keki ya wafalme tumeshaanza kuikata, na kile kitoto cha plastiki kinachofichwa ndani yake kimeangukia kwenye kipande changu, kwa hiyo ya wiki ijayo nanunua mimi. Paa la nyumba ya Mama limezibwa. Kilembwe wa yule paka wako amezaa tena, safari hii ndani ya kiatu changu cha kanisani.

Sasa kaa vizuri. Mdogo wetu Wendell haumwi mgongo kama nilivyokuandikia Novemba. Figo zake zimekufa, zote mbili. Anakwenda kufungwa kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, na akitoka hapo anarudi dukani kujaza soseji za wali kana kwamba ametoka kwa kinyozi. Uso umekuwa wa majivu. Amenikataza nisikwambie. Ukimwandikia, jifanye hujui.

Nimepimwa, na damu zetu zinakubaliana. Nitampa figo moja. Ila yule muuguzi wa watoaji figo, Bi. Prejean, alinipandisha kwenye mizani akaguna. "Bi. Earline, moyo wako mzuri, lakini mwili mkubwa. Ukibaki na figo moja utaibebesha mzigo wa watu wawili." Nikamwambia, "Basi mmoja namshusha." Akacheka, lakini jibu lake likabaki palepale: nipungue kwanza, halafu tuzungumze.

Daktari wangu aliniandikia zile sindano za kupunguza mwili ambazo siku hizi kila mtu anazo mdomoni. Bima wakakataa. Wao wanalipia wenye kisukari, na mimi sina kisukari, nina nyama tu. Ya kiwandani ni ya wenye nazo. Basi nimepata njia nyingine, ya kwenye simu. Nilijibu maswali, daktari ambaye sijamwona sura akaidhinisha, na dawa ikaja mlangoni ndani ya boksi la barafu. Ni dawa ileile, wanasema, ila inachanganywa na famasia.

Niombee nikonde, Nettie. Sikuwahi kudhani nitamwandikia mtawa ombi kama hili.

Dada yako,
Earline

*

Monasterini, Vermont
24 Januari

Dada Earline mpenzi,

Barua yako imenifikia jana, imelowa theluji pembeni. Sisi wazima. Sista Ludgarda, mzee wetu, ametimiza miaka tisini na bado anamkemea mpika kengele, yaani mpiga kengele. Unaona, hata kalamu inanikosea leo. Kuku wamegoma kutaga kwa baridi.

Nimelia juu ya Wendell. Yule mtoto nilimbeba mgongoni mpaka mgongo ukapinda. Mlinificha tangu Novemba, mkaniacha namwombea mgongo!

Sasa nieleze hiyo dawa kama unavyomweleza mtu ambaye hajaona televisheni miaka ishirini na sita. Inachanganywa na nani? Nani anakuangalia unapojidunga? Huyo Bi. Prejean anajua?

Na swali lingine. Nami nina figo mbili, dada, na miaka minne chini yako. Mbona hakuna aliyeniuliza?

Kumbuka Kwaresima inakuja. Kuanzia Jumatano ya Majivu hatuandiki barua wala hatusomi. Zinazofika zinawekwa kwenye kikapu cha Mama Mkuu hadi asubuhi ya Pasaka. Ukiwa na la kusema, sema mapema.

Wako,
Nettie

*

Breaux Bridge
11 Februari

Nettie wangu,

Salamu kutoka kwa wote. Azalia za Mama zimechanua kabla ya wakati wake. Padri kaanza kutafuta wapishi wa samaki wa Ijumaa za Kwaresima na nimeshaandikwa bila kuulizwa.

Dawa yenyewe ni hivi. Ile ya kiwandani inakuja kwenye kalamu, imeshapimwa, wewe unabonyeza tu. Hii yangu inakuja kwenye kichupa chenye dozi nyingi, halafu unavuta mwenyewe kwa bomba la sindano, lile dogo la insulini. Zile za kiwandani zilipoadimika, famasia zikaruhusiwa kuchanganya. Basi.

Wala usihofu kuhusu kuvuta. Unakumbuka Mama alipokuwa haoni vizuri kupima insulini yake, ukachukua rangi yako ya kucha, ile nyekundu uliyokuwa unaificha Baba asiione, ukamchorea mstari kwenye bomba moja tupu liwe la mfano? "Mama, vuta mpaka kwenye nyekundu, basi." Lile bomba ninalo mpaka leo, limesimama kwenye kikombe chake. Nimefuta mstari wa zamani, nikapaka wangu panapotakiwa. Kila Jumapili nashika bomba jipya, naliweka sambamba na la mfano, navuta mpaka kwenye nyekundu. Mkono haukosei, ni kama Mama yupo jikoni.

Na ninapungua! Sketi ya mazishi ya Baba imenienea. Kichefuchefu kipo, lakini ni cha kuchekea. Bi. Prejean kanisifu mbele za watu, akauliza siri, nikamwambia nimeacha mkate na natembea kandokando ya mto. Kutembea natembea, si uongo wote. Nikimwambia ya kichupa anaweza kunifuta kwenye orodha ya watoaji, na wameshataja wiki ya pili baada ya Pasaka kuwa ya upasuaji.

Famasia ya kwanza wameandika kwamba dawa ya kiwandani imepatikana tena, wao wanaacha kuchanganya. Ile kampuni ya kwenye simu inasema nisijali, kichupa kijacho kitatoka famasia nyingine.

Kuhusu swali lako la figo. Wewe tulishakutoa kwa Mungu mara moja, Nettie. Mama alivyolia pale kwenye wavu wa chuma wa monasteri siku ulipoingia, sijasahau. Mtu hatolewi mara mbili. Tuliache hilo.

Earline

*

Monasterini
27 Februari

Dada Earline,

Naandika haraka, hii ndiyo ya mwisho kabla ya Majivu. Salamu kwa wote, na umwekee Wendell mkono wangu kichwani, akikuuliza useme umeota.

Umelijibu swali langu kwa machozi ya Mama, na Mama hayupo wa kuulizwa. Sijaridhika, lakini nitanyamaza kwa siku arobaini kwa kuwa kanuni inanilazimisha.

Lililonikosesha usingizi ni la kichupa. Insulini ya Mama ilikuwa ileile kila mwezi, ndiyo maana mstari wangu ulimfaa. Hiyo yako inabadili famasia. Je, cha pili ni sawasawa na cha kwanza? Mimi sijui, mimi ni wa kuku na bustani. Tafadhali, kabla hujavuta, muulize mfamasia wa kweli, mwenye sura. Na umwambie Bi. Prejean. Mtu anayetaka kukukata tumbo usimdanganye, Earline, hata kwa mkate.

Nakupenda mno. Tutasomana Pasaka.

Nettie

*

Breaux Bridge
19 Machi

Nettie,

Nakuandikia kwa sababu hutaisoma. Itakaa kikapuni, na kufikia Pasaka yote yatakuwa yamekwisha, nawe utanigombeza huku Wendell anangojea figo yangu na mimi nacheka. Kwa hiyo leo sikusalimii. Nasema tu.

Naumwa. Tangu Jumapili kabla ya Majivu, siku niliyofungua kichupa kipya, hakuna kinachokaa tumboni. Maji yenyewe yanarudi. Nikisimama dunia inazunguka. Nikajua dawa inafanya kazi. Jumapili iliyofuata nikavuta tena mpaka kwenye nyekundu, na Jumapili hii tena. Nilijisemea, kaza meno, Earline, ni kwa ajili ya mdogo wako.

Na hakuna anayeona! Ni Kwaresima, Nettie. Nisipokula, wanasema nafunga. Ijumaa ukumbini nimekaanga samaki wa parokia nzima bila kuonja kipande, na Padri akanishika bega mbele ya watu: "Mtazameni Earline, huo ndio mfungo." Nilitamani kumtapikia kwenye viatu. Wendell kaniletea mchuzi wa bamia, akasimama mlangoni, "Mbona macho yameingia ndani hivyo, Dada?" Nikamwambia nimetoa sadaka ya chakula kwa ajili yake. Akainamisha kichwa akaondoka. Mchuzi nikawapa paka.

Barua yako ya Februari imefika jana. Jana! Ilizunguka wapi, Mungu ndiye ajuaye, labda ile dhoruba. Nimekitoa kichupa kwenye friji nikakiangalia. Jina la dawa ni lilelile. Namba zilizo chini yake si zilezile. Kwenye simu kuna ujumbe wao wa siku nyingi ambao sikuufungua. Nimeufungua leo: unasema dawa hii ni kali zaidi, nivute kidogo. Nikawaandikia kuuliza. Wamejibu kwamba nimepangwa foleni.

Nikienda hospitali watauliza ninatumia nini, na Bi. Prejean atajua. Naogopa, Nettie. Siogopi kufa, naogopa kufutwa. Wendell hana mwingine.

E.

*

Hospitalini, Lafayette
2 Aprili

Nettie,

Hii nayo iende kikapuni. Sikai tena na siri, nimechoka kuzibeba.

Nilianguka dukani kwa Wendell, mbele ya wateja, katikati ya soseji. Nilipofumbua macho alikuwa amenishika kichwa, mikono imejaa mafuta ya nguruwe, anaita "Dada! Dada!" kwa sauti ile ya utotoni. Kwenye gari la wagonjwa akanitoa maneno yote. Nilimwambia kila kitu, mpaka la mkate.

Mwili ulikauka, Nettie. Kutapika kote kule bila maji kumeziumiza figo. Figo zangu, zile nilizokuwa nazitunza kwa ajili yake.

Mfamasia wa wodi, kijana anaitwa Landry, alikuja na kichupa changu mkononi, Wendell alimpa. Akavuta kiti. Hakunipigia kelele, nami nilikuwa nimejiandaa kupigiwa. Akasema, "Bibi, dawa si mbaya, na wewe si mjinga. Kuna watu wanahitaji dawa ya kuchanganywa, labda wana mzio na kitu fulani kilichomo kwenye ile ya kiwandani. Lakini ya kuchanganywa serikali haiikagui kabla haijakufikia, kama inavyoikagua ile nyingine. Kila famasia ina ukali wake. Mstari kwenye bomba haupimi dawa, unapima maji tu. Maji yaleyale, dawa ndani yake mara mbili."

Nikamuuliza, "Na dozi ikizidi, mtu anafanyaje?" Akasema, "Anapiga simu siku hiyohiyo. Hangoji Pasaka." Kumbe Wendell alishamsimulia mambo ya kikapu chenu.

Bi. Prejean alikuja jioni. Nikaanza kumwomba radhi, akanikatiza. "Ungeniambia, ningekutafutia njia. Kuna daktari wetu wa mambo hayo, ana mfamasia wake, angekufuatilia kila wiki. Nilidhani unajua hilo." Halafu akanishika mkono akaniambia. Figo zangu zinarudi polepole, nitaishi nazo vizuri, Mungu akipenda. Ila kutoa moja, hapana. Mwaka huu hapana, na huenda isiwezekane kamwe.

Wendell alikuwa kakaa dirishani. Akasema, "Afadhali." Kisha akalia kwa hasira. "Ningeishi na figo yako, Dada, ukatangulia wewe? Ungeniacha na nini?" Nikamwambia anisamehe. Akaniambia ninyamaze ninywe maji.

Nilitaka kumpa uhai. Nimempa kazi ya kuninywesha maji kwa kijiko. Inaniuma, Nettie, inaniuma sana.

Earline

*

Monasterini
Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Dada yangu Earline,

Kristo amefufuka, na wewe uko hai. Mama Mkuu alinipa kikapu baada ya misa, nikafungua ya Machi kwanza, nimesimama ukumbini. Sikumaliza. Nilikimbia, Earline. Mtawa wa miaka hamsini na nne, nimekimbia kwenye korido mpaka ofisini kwake nikamwambia, "Simu." Akanisogezea. Nilipiga hospitali iliyoandikwa kwenye bahasha ya pili, wakasema umeruhusiwa tangu wiki mbili zilizopita. Nikakaa sakafuni. Ndipo nikasoma ya Aprili.

Nimekukasirikia. Nilikuwa naimba zaburi huku wewe unakauka! Ulichagua kuniandikia siku ambazo ulijua sisomi. Mtu hufanya hivyo kwa mtu anayemhofia, na mimi sitaki unihofie. Halafu hasira ikaniisha, nikakuona jikoni, umeshika lile bomba la mfano sambamba na jipya, unavuta mpaka kwenye nyekundu kwa uangalifu wote ule. Nimelia kwa hilo kuliko kwa mengine.

Bomba la Mama usilitupe. Lifute rangi tu.

Sasa nakurudia na swali la Januari. Nimemweleza Mama Mkuu. Amesema kanuni zetu haziwafungii wagonjwa nje, wala hazimfungii ndani mtu anayeweza kuwaponya. Atanipeleka mwenyewe kupimwa. Lakini amesema jambo moja nami nalikubali: sitakwenda kujipachika. Nataka niulizwe. Ndugu zangu wawili wamekaa wakakubaliana mimi nisiulizwe, kana kwamba nilikufa nilipovaa shela.

Ulisema nilitolewa. Mlikuwa mnalia wote, hamkuniangalia. Mimi sikulia siku ile, dada. Sikutolewa na mtu. Nilijitoa, na nilikuwa na furaha.

Nasubiri.

Nettie

*

Breaux Bridge
5 Mei

Nettie,

Hatujambo. Kamba wa mtoni wamejaa mwaka huu, bei imeshuka, majirani wanachemsha kila Jumamosi na mimi nakula nusu sahani, polepole, kwa raha. Sindano nimeziacha kwa sasa. Yule daktari wa Bi. Prejean ananiona kila baada ya wiki mbili, na akisema nirudie tena, itakuwa kwa mkono wake. Nimerudisha kilo chache. Zikae, tulizoeana.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, nikaiweka, nikaichukua. Nikaenda nayo dukani. Wendell alikuwa anafunga soseji. Nilimsomea yote. Akaanza, "Nettie ni wa Mungu, tusim..." Nikamwambia, "Nyamaza. Amesema aulizwe." Akafuta mikono kwenye aproni muda mrefu. Akasema, "Mimi siwezi kumuuliza, Dada. Nitaanzaje? Muulize wewe."

Kwa hiyo nakuuliza. Nimechana karatasi mbili kabla ya hii. Nilijidunga, nikadanganya, nikaanguka, yote ili nisiandike mstari huu mmoja.

Nettie, utampa mdogo wetu figo?

Ukisema hapana, wewe ni Nettie wangu yuleyule. Nimeongea na Wendell, naye anasema hivyohivyo.

Na ukija, iwe kwa figo au kwa kutusalimia tu, nitakupaka rangi ya kucha za miguu. Mama Mkuu asijue.

Dada yako,
Earline

*

Monasterini
12 Juni

Dada Earline,

Kuku wanataga. Sista Ludgarda anakusalimia, anasema umwombee meno.

Ndiyo.

Nilisema ndiyo siku ile barua ilipofika, lakini nilitaka niwe na majibu mkononi kwanza. Yametoka leo asubuhi. Damu yangu na ya Wendell zinakubaliana, moyo mzima, figo zote mbili za msichana. Nimemwambia daktari kila kitu alichouliza na mengine ambayo hakuuliza. Upasuaji ni Agosti, huko kwenu, Bi. Prejean ndiye amepanga. Tumeongea kwa simu, na sauti yake bado iko sikioni mwangu, anaongea kama Mama.

Mwambie Wendell aanze kunizoea. Nitalala chumba kilekile cha zamani na nitamkemea juu ya chumvi.

Nahitaji viatu. Huku tunavaa kandambili za kamba, vidole vimepanuka, kwa hiyo chukua namba kubwa kidogo kuliko ile ya zamani. Visiwe vya kumetameta.

Na rangi ya kucha, njoo nayo uwanja wa ndege. Najua hospitali wataifuta kabla ya kunikata. Nipake hivyohivyo.

Nettie